Kamba ya Chuma Hutoa Taarifa Kabla ya Kukatika
(Mazungumzo kwa viongozi na watunza ghala wa vyama vya msingi, Irente, Lushoto)



Asimamaye juu ya jabali la Irente huona chini yake Mazinde, mashamba ya mkonge na njia ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Akiifuata reli hiyo kuelekea kaskazini-magharibi, atafika Mkumbara. Hapo ndipo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilipoishia njia ya kamba za chuma iliyoteremsha magogo ya mwerezi kutoka msitu wa Shume. Njia hiyo ilijengwa na kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig, Ujerumani, ikiwa na urefu wa kilomita 9 hivi, na magogo yalining'inia hewani juu ya mabonde yasiyopitika kwa gari. Njia hiyo haifanyi kazi tena, lakini kamba za chuma hazikuondoka Usambara. Zimo katika winchi za malori, katika viwanda vya kupasulia mbao na katika gereji.

Kamba ya namna hii si kitu cha kale sana. Mwaka 1834, katika migodi ya Clausthal, ofisa wa migodi Wilhelm Albert alisuka nyuzi za chuma zitumike mahali pa mnyororo. Mnyororo ulikuwa na tabia mbaya: pete moja ikishindwa, mzigo wote umekwenda. Kamba yenye nyuzi nyingi haifi kwa siku moja. Uzi mmoja hukatika, nyingine zikaendelea kubeba. Kisha hukatika wa pili na wa tatu. Kwa hiyo kamba ina hisani ambayo mnyororo hauna, nayo ni kutoa taarifa. Taabu ni kwamba taarifa hiyo hailetwi ofisini. Hapana budi ifuatwe huko huko iliko.

Aghalabu katika daftari la mali ya chama viti huhesabiwa, mizani huhesabiwa, hata ndoo huhesabiwa; waya wa winchi haumo. Huchukuliwa kuwa ni sehemu ya lori, tena sehemu isiyochakaa. Ichukuliwe kwamba lori lililopakia kabichi na karoti limekwama katika matope ya masika. Waya unafungwa kwenye mti, winchi inavuta, na vijana wamesimama kandokando tayari kusukuma. Waya ukikatika hapo hurudi kama mjeledi, wala haubagui mwanachama na kibarua. Yamkini dereva aliziona nyuzi zilizokatika juma lililopita akanyamaza, kwa kuwa alijua Bodi itauliza kwanza gharama. Kosa hilo halimo katika chuma.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine kubwa. Winchi izimwe na kamba isiwe na mzigo. Ifutwe kwa brashi, maana grisi iliyochanganyika na vumbi huficha mengi. Kamwe isipitishwe katika kiganja kitupu: uzi mmoja uliochomoza huchana nyama hadi mfupani. Atumie kitambaa kinene. Kikinaswa, hapo pana uzi uliokatika. Kisha zihesabiwe nyuzi zilizokatika katika urefu ambao kijikamba kimoja huizunguka kamba nzima mara moja. Kanuni moja inayofuatwa kwa kamba za winchi na kreni husema kwamba zikifika 6 katika urefu huo, au 3 katika kijikamba kimoja, kamba iondolewe kazini. Mahali pa kutazama zaidi ni pale inapopita juu ya roda, pale inapolala juu ya ngoma ya winchi, na karibu na ndoano.

Baada ya hapo upimwe unene kwa kalipa, kutoka mgongo wa kijikamba hadi mgongo wa kile kinachokikabili, si katika vibonde vya katikati. Kamba ya milimita 12 iliyopungua hadi chini ya milimita 11.4 imekwisha, hata kama haina uzi uliokatika. Sababu yake mara nyingi imo ndani. Moyo wa kamba nyingi ni wa katani, zao lile lile linaloonekana chini ya jabali la Irente. Katani hushika mafuta na kuvitenga vijikamba visisagane. Ikikauka au ikioza kwa ukungu wa milimani, chuma husaga chuma na kutu huanzia ndani, mahali jicho lisipofika. Oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini si dawa. Ina asidi na masizi. Yafaa inunuliwe grisi ya kamba, ambayo ni nyepesi kiasi cha kupenya.

Kamba iliyojikunja ikaacha kifundo isinyoshwe na kurudishwa kazini. Hali kadhalika iliyofumuka kama kizimba cha ndege, au iliyoungua.

Vibano vya herufi U vina kosa lake la kila siku. Tako la kibano hukaa upande wa kamba unaovuta mzigo, na ile U hubana ncha iliyokufa. Mafundi wengi huvigeuza kimoja hivi na kimoja vile ili vipendeze. Kwa kamba ya milimita 12 viwe 3, na vikazwe tena baada ya kuvuta mzigo wa kwanza.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, humpa mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi, na chama cha ushirika ni mwajiri. Kila kamba basi iwe na ukurasa wake: tarehe iliyofungwa, unene, nyuzi zilizokatika, jina la aliyekagua. Juu ya yote, Bodi iandike katika muhtasari wake kwamba dereva au mtunza ghala akisema kamba isitumike, haitatumika, wala hatakatwa mshahara kwa kuchelewesha mzigo.

Kamba iliyokataliwa isiwekwe nyuma ya ghala. Huko itachukuliwa usiku na kuonekana tena juu ya kisima, ikimteremsha mtu. Ikatwe vipande vifupi siku ile ile, mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi katika ukurasa wake wa mwisho.