Joto Likizidi, Tuoge Wapi?



Leo tuzungumze juu ya kuoga wakati wa joto. Wengine watasema, hilo nalo ni jambo la kuzungumza? Ndiyo, ni jambo. Linagusa uhai wa watoto wetu.

Sisi tunaokaa bara, mikoa ya Shinyanga, Simiyu, Tabora, Singida na Dodoma, twaijua miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba. Mvua bado. Bahari iko mbali. Mchana joto hufika nyuzi 30 na kuzidi, hata mbuzi wanagombea kivuli. Wakati huo kila mtu anataka maji, na si kosa. Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Maji ya kuoga hufanya kazi hiyo hiyo. Hata kitambaa kilicholoweshwa, kikiwekwa shingoni, hupoza.

Mijini wako wanaolipa kiingilio wakaoge kwenye mabwawa ya kuogelea. Dar es Salaam ziko hata bustani za michezo ya maji, ambako watoto huteleza kwenye mabomba makubwa mpaka bwawani. Maji ya namna hiyo yanatakiwa yachujwe, yatiwe dawa ya klorini, na awepo mtu wa kuwaangalia waogaji.

Na sisi je? Sisi tuna lambo. Humo twachota, twafua, ng'ombe wanakunywa, na watoto wanaoga. Hakuna dawa, wala hakuna mwangalizi. Basi hapo ziko hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kichocho. Huu si ugonjwa wa kurogwa. Ni minyoo. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliigundua mjini Cairo, Misri, mwaka 1851. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo hutoka na mkojo. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na choo kikubwa. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono wa majini. Baada ya wiki kadhaa, vijidudu vingi zaidi hutoka kwa konokono na kutafuta mtu. Hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Havingoji mtu awe na kidonda, wala anywe maji.

Sasa sikilizeni vizuri. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi mchana, jua likiwa kali. Na watoto wetu wanakimbilia lambo saa ngapi? Si saa hizo hizo?

Mtoto akikojoa damu, wako wanaosema anakua. Sivyo jamani! Huyo ni mgonjwa, apelekwe zahanati. Kichocho kisipotibiwa huharibu kibofu na figo, na huweza kuleta saratani ya kibofu. Cha tumbo huharibu ini. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge vya kumeza, na mganga hupima kulingana na uzito wa mtu. Lakini dawa huua minyoo iliyomo mwilini tu. Haimkingi mtu anayerudi lamboni kesho.

Hatari ya pili ni kuzama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kingo za lambo ni udongo unaoteleza. Hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili yako kichwani. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anakwenda kimya kimya.

Tufanye nini basi? Tuwachape? Mtoto akichapwa leo, kesho atapita njia ya nyuma, maana joto liko pale pale. Kumkataza lambo bila kumpa maji mengine ni kazi bure. Tusimnyime maji. Tumletee.

Kwanza, watoto waoge nyumbani kwa maji ya bomba au ya kisima cha pampu. Karai moja chini ya mwembe linatosha watoto watatu kumwagiana maji na kucheka. Mtoto mdogo asiachwe peke yake hata kwenye karai. Maji yakibaki, tumwagilie mchicha.

Pili, kama hakuna maji ila ya lambo, tuyachuje kwa kitambaa, tuyatie kwenye pipa, tufunike, yakae siku 2 kamili. Vijidudu visipopata mtu hufa. Tusiongeze maji mapya juu yake, maana hapo tumeanza upya. Ya kunywa tuyachemshe. Naye anayechota asiingie majini. Tuweke magogo imara ya kusimamia.

Tatu, kila nyumba iwe na choo, na mtu yeyote asikojoe majini.

Nne, lambo lizungushiwe miiba, liwe na mlango mmoja. Mlangoni tufunge kamba ndefu na dumu tupu lenye kizibo. Mtu akizama, atupiwe hivyo ajishike. Tusiojua kuogelea tusimrukie, tusije tukazama wawili.

Kina baba, neno moja. Maji haya ya karai atayaleta nani? Mama amekwisha kwenda kisimani tangu alfajiri. Baiskeli tunazo. Madumu mawili jioni hayatutoi utu uzima.

Tulijifunza kusoma ili tuyatumie tunayoyasoma. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, tulitoe jambo hili. Tukubaliane siku ya kukata miiba, na nani ataleta kamba. Joto halitungoji.