Kura ya Nyanya na Kura ya Mjukuu: Uingereza Yatufunza Nini?



Tumeombwa tuseme juu ya Uingereza, na tunajua wapo kati yenu wanaouliza nchi hiyo yatuhusu nini. Yatuhusu kwa sababu ndiyo iliyotuachia desturi ya kumchagua mbunge mmoja kwa kila eneo, mshindi akiwa ni yule aliyewapita wenzake hata kwa kura moja. Yanayotokea katika debe lao twaweza kuyaelewa bila mkalimani.

Zamani kura ya Mwingereza ilifuata tabaka lake. Mchimba makaa na mfanyakazi wa kiwanda walielekea Labour. Mwenye duka na meneja wa benki walielekea Conservative. Baba na mwana walikwenda kituoni pamoja na mara nyingi walichagua chama kimoja. Wala msidhani kijana wa huko alizaliwa mpinzani wa Conservative. Mwaka 1983, chini ya Margaret Thatcher, chama hicho kiliishinda Labour hata miongoni mwa wapiga kura wa miaka 18 hadi 24.

Sasa tazameni mwaka 2017. Shirika la YouGov, lililowahoji wapiga kura wengi baada ya uchaguzi, lilikuta Labour imepata asilimia 66 ya kura za vijana wa miaka 18 na 19, hali Conservative imepata asilimia 69 ya kura za waliotimiza miaka 70. Nyanya na mjukuu wamekuwa kama raia wa nchi mbili. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika kura ya maamuzi ya 2016, kiasi cha robo tatu ya vijana waliopiga kura walitaka kubaki katika Umoja wa Ulaya, na kiasi cha theluthi mbili ya wazee wakataka kutoka. Waliotaka kutoka walishinda kwa asilimia 52.

Je, umri wenyewe ndio uliowagawa? Sisi hatuamini hivyo. Sheria ya 1980 iliwaruhusu wapangaji wa nyumba za halmashauri kuzinunua kwa bei iliyopunguzwa, na wengi wa kizazi hicho wakazeeka wakiwa na nyumba zao. Wajukuu wao wanalipa kodi ya nyumba kila mwezi kwa mtu mwingine. Kisha serikali ya mseto ya Conservative na Liberal Democrats iliyoundwa mwaka 2010 ikawaahidi wastaafu kwamba malipo yao ya uzeeni yangepanda kila mwaka kwa kiwango kikubwa kuliko vyote kati ya vitatu: ongezeko la bei, ongezeko la mishahara, au asilimia 2.5. Serikali hiyo hiyo ikapandisha karo ya juu ya vyuo vikuu vya England hadi pauni 9,000 kwa mwaka, kuanzia 2012. Liberal Democrats walikuwa wameweka sahihi zao kwamba wangeipinga nyongeza hiyo. Mwaka 2015 wakaadhibiwa: kutoka wabunge 57 wakabaki 8. Karo, hata hivyo, haikurudi chini.

Hapa ndipo tunapotaka mkae nasi kidogo. Katika uchaguzi huo wa 2015, shirika la Ipsos lilikadiria kwamba waliopiga kura katika kila vijana 100 walikuwa 43, na katika kila wazee 100 walikuwa 78. Mwanasiasa anazijua hesabu hizo kuliko Biblia yake. Labour iliporudi madarakani mwaka 2024, iliwaondolea wastaafu wengi ruzuku ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Kelele zilizopigwa! Mwaka haukupita serikali ikarudi nyuma, na wengi wakarudishiwa ruzuku yao. Basi chama ambacho wazee wengi hawakukichagua kiliwaogopa wazee, na katika mwaka wa 2025 kikapandisha karo ya vijana waliokichagua, hadi pauni 9,535.

Lakini tusiwalaumu vijana peke yao, kwani mlango nao umesukumwa. Hadi 2014 mkuu wa nyumba aliweza kuwaandikisha watu wote wa nyumba yake, na chuo kikuu kuwaandikisha wanafunzi wa mabweni yake. Tangu hapo kila mtu hujiandikisha mwenyewe, na anayehama kila mwaka ndiye anayesahaulika. Sheria ya 2022 ikadai kitambulisho chenye picha. Pasi ya basi ya mzee inakubaliwa; kadi ya mwanafunzi haikubaliwi. Sisi tunaokumbuka 1992, na vijana wetu waliokosa kuandikishwa kwa kukosa kitambulisho, hatuhitaji kufafanuliwa.

Hata hivyo, palipo na vijana waliojitokeza, jambo lilionekana. Mji wa Canterbury, wenye wanafunzi wengi, ulikuwa mikononi mwa Conservative kwa takriban karne nzima. Mwaka 2017 Labour iliuchukua kwa kura 187. Ukumbi mmoja wa mihadhara unatosha kuwakalisha watu hao.

Wala vijana hao si mali ya Labour. Mwaka 2024 baadhi yao walikwenda kwa chama cha Kijani, na wengine, hasa wavulana, kwa Reform. Conservative nao, kwa makadirio ya YouGov, walibaki wakiishinda Labour kwa waliofikia miaka 63 na zaidi tu. Mwaka 2019 umri huo ulikuwa 39. Chama kinachowategemea wazee peke yao huzikwa pamoja nao.

Scotland iliwapa kura wenye miaka 16 katika kura yake ya maamuzi ya 2014, na Wales ikafuata katika uchaguzi wa bunge lake mwaka 2021. Julai 2025 serikali ya London ilitangaza nia ya kufanya hivyo katika uchaguzi wa Uingereza nzima.

Tena wapo wazazi humu wenye watoto wanaosoma au kufanya kazi huko. Mkenya anayeishi Uingereza kwa kibali halali, akiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, ana haki ya kujiandikisha na kumpigia kura mbunge wa huko. Wengi hawalijui hilo. Mtakapowapigia simu Jumapili, waulizeni kama majina yao yamo katika orodha.