Tumfundishe Mtoto Mmoja Mmoja

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi, Siku ya Mtoto wa Afrika, kambi ya Nyarugusu, Kigoma)



Tarehe 16 Juni tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976, walipokataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Walidai elimu inayomfaa mwanafunzi. Nami nitasema juu ya elimu hiyo katika darasa letu hapa.

Chuo cha ualimu kilinifunza kuandaa somo la darasa zima, na darasa langu limejaa hadi mlangoni. Humo alikuwemo kijana wa darasa la tatu aliyekosa hesabu za kutoa kila juma. Wenzake walimcheka, nami nilimwita mvivu. Ndipo mama yake akaja: "Mwalimu, mtoto anataka kuacha shule akabebe mizigo sokoni."

Jioni nikamwambia kijana, "Nionyeshe unavyofanya." Hesabu ilikuwa 52 kutoa 27. Akaandika 35. Akaeleza: "Saba haitoki katika mbili, basi natoa mbili katika saba."

Ndugu zangu, hakuwa mvivu. Alikuwa na kanuni yake, akiifuata kila siku. Mimi ndiye sikuwahi kumwuliza.

Tukaokota vijiti, tukafunga mafungu matano ya kumi kumi, viwili tukaviweka kando. Nikamwambia atoe 27. Alifikiri, akafungua fungu moja mwenyewe. Vikabaki 25. Kazi yote ilikuwa ya robo saa.

Tangu hapo kila jioni nabaki na watoto watatu. Kila mmoja hueleza kazi yake kabla sijaisahihisha. Natafuta anapojua, naanzia hapo. Nampa jambo moja tu, kisha naye amweleze mwenzake.

Wazazi, mtoto akichelewa kuteka maji kwa ajili hiyo, msimkemee, tupangane siku. Wajumbe wa kamati, tuachieni darasa moja wazi jioni. Watumishi wa mashirika, mkihesabu watoto walioandikishwa, ulizeni pia walioelewa.

Kijana yule hakwenda sokoni. Juzi nilimkuta nyumbani kwao akimfundisha mdogo wake kutoa, kwa vijiti vya kuni.

Haba na haba hujaza kibaba.