Kuigawa diski ya kompyuta ya nyumbani

Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wa jamii mbele ya familia zenye kompyuta, kwenye ukumbi wa jamii hapa Dzaleka. Tunayachapa kwa sababu wengi waliosimama nje hawakusikia vizuri.



Nashukuru kwa kuniita. Nilidhani watakuja vijana wachache tu wanaopenda kompyuta, kumbe hata wazee wa zoni wamekuja. Basi nitajitahidi kusema pole pole, na nikitumia neno la fundi nitalieleza.

Swali mlilonipa ni hili. Laptopu ya mtumba imefika nyumbani kutoka Lilongwe. Diski yake ni ya gigabaiti 500. Ukiifungua unaona herufi moja tu, C. Je, uiache hivyo, au uigawe? Na ukiigawa, uikate mara ngapi, na kila sehemu iwe na ukubwa gani?

Kwanza tuelewane. Kugawa diski si kuivunja. Diski inabaki ileile moja ndani ya mashine. Tunachofanya ni kuweka mipaka, na mipaka hiyo inaandikwa katika jedwali dogo mwanzoni mwa diski. Windows ikilisoma jedwali hilo inaona C na D kana kwamba ni diski mbili. Kila sehemu mafundi huiita patisheni. Na msishangae kuona kwamba diski ya 500 inaonyesha 465. Hamkuibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini Windows huhesabu kwa 1,073,741,824. Kuna mama wa zoni yetu aliyerudi dukani kugombana kwa ajili ya hizo 35, akapoteza nauli bure.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa.

Karatasi ya diploma yangu ya sekondari ilibaki nyumbani kwetu Fizi, na nyumba ile haipo tena. Mjomba alikuwa ameipiga picha zamani, akanitumia kwa simu. Niliiweka katika kompyuta tuliyokuwa tukitumia watu wanne, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu na picha za nyanya yetu, marehemu. Niliziweka pale pale kwenye kioo, ili nizione kila ninapoiwasha. Siku moja mashine ikakataa kuwaka. Tukaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akasema, "Nitaipiga Windows upya, kesho mchukue." Kesho yake tukaikuta ikiwaka vizuri sana, safi, na haina kitu.

Fundi hakuwa mwizi wala mjinga. Kompyuta ilikuwa na C peke yake. Kupiga Windows upya kwa njia aliyoijua ni kufomati C, na kufomati C ni kufuta njia ya kufikia vyote vilivyokuwamo. Na vile mnavyoviona kwenye kioo mnapowasha, vinakaa ndani ya C, wengi hawajui hilo. Vijana wawili walijaribu programu ya kuokoa mafaili. Zilirudi picha kadhaa, hazina majina, moja ya nyanya imekatika katikati. Diploma haikurudi, na simu ya mjomba ilikuwa imekwisha kupotea. Mwaka huo nilipoomba nafasi ya masomo nikaulizwa cheti, sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza namna ya kugawa diski, mimi siulizi kwanza ana gigabaiti ngapi. Ninauliza: ndani ya mashine hii, ni kitu gani kikipotea unaweza kukipata tena, na ni kipi huwezi? Windows unaweza kuipata tena. Programu ya kuandikia barua utaipata, hata filamu utaipata kwa jirani. Picha ya diploma, barua ya kesi yako, sauti ya mzazi aliyefariki, hizo hutazipata dukani. Mpaka mmoja uchorwe hapo. C iwe ya Windows na programu. D iwe ya vitu vya nyumba. Siku ya kupiga Windows upya, C inafutwa na D haiguswi.

Kwa nyumba nyingi za hapa, sehemu hizo mbili zinatosha.

Najua wengine wataniambia kwamba fundi wao hukata diski vipande vinne au vitano, C, D, E, F na kuendelea. Tabia hiyo ina asili yake. Katika miaka ya 1990 mfumo wa kupanga mafaili uliotumika katika DOS na Windows 95 ya kwanza ulikuwa FAT16, na sehemu moja haikuweza kuzidi gigabaiti 2. Mwenye diski ya gigabaiti 6 alilazimika kuikata mara tatu, apende asipende. Tena sehemu ya gigabaiti 2 ilitoa nafasi kwa vipande vya kilobaiti 32, kwa hiyo hata barua ya mistari miwili ilikula kilobaiti 32 nzima. Kukata vidogo vidogo kulipunguza hasara hiyo. Mwaka 1996 ilikuja FAT32 pamoja na toleo la pili la Windows 95, na leo Windows hutumia NTFS, ambayo kwa kawaida hutoa vipande vya kilobaiti 4. Sababu ya zamani imekwisha, mkono wa fundi ndio haujasahau.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo watu wanapokosea, na karibu wote wanakosea upande mmoja: wanaibana C. Wanasema Windows ni gigabaiti 20 tu, tuipe 40, zilizobaki ziwe zetu. Miezi michache baadaye C imejaa, alama yake imekuwa nyekundu, mashine inakwenda kama mzee anayepanda mlima, na Windows inakataa kupokea marekebisho. Windows hukua. Hutunza mafaili ya marekebisho ya zamani, huweka akiba ya kulalia unapofunga kifuniko, na kuna programu nyingi ambazo hujiwekea vitu C bila kukuuliza. Windows 11 yenyewe hudai diski isiyopungua gigabaiti 64 kabla hujaweka hata programu moja yako.

Na kuipanua C baadaye si kazi ndogo. Chombo cha Windows kinachoitwa Disk Management kinaweza kuiongeza C kwa nafasi tupu iliyo mara tu baada yake, upande wa kulia. Lakini hapo kulia ameketi D. Itabidi uihamishe D yote mahali pengine, uifute, uongeze C, halafu uiunde D tena. Nani hapa ana diski ya pili ya kuhamishia? Kwa hiyo ukisitasita kati ya namba mbili, chagua iliyo kubwa kwa C. Katika diski ya 500 mimi huipa C 150, na D inapata zaidi ya 300. Katika diski ya 320 huipa C 120.

Diski ikiwa ndogo, ile ya kasi ya gigabaiti 120 au 128, msiigawe. Nasema hivyo bila kusita. Ukiikata utapata sehemu mbili zinazobanana na kila moja inalalamika. Iacheni C peke yake, tengenezeni folda moja ya nyaraka, na yaliyomo yawe pia kwenye flashi. Nimewahi kulaumiwa kwa ushauri huu na kijana mmoja aliyeona kwamba kompyuta isiyo na D haijakamilika. Bado naushikilia.

Papa mmoja alinijia na wazo jingine. Ana watoto wanne, wanagombana, akataka kila mtoto apate sehemu yake na mama apate ya tano. Nikamwambia, papa, ukuta wa diski hausogei kama pazia. Mtoto wa kwanza atajaza ya kwake kwa filamu, mdogo ataweka daftari mbili tu, na nafasi ya mdogo haitamsaidia mkubwa. Zaidi ya hayo, kwenye kompyuta za zamani zenye jedwali la aina ya MBR, sehemu kuu haziwezi kuzidi nne, na mara nyingi kiwanda kimekwisha kutumia mbili au tatu. Kama ni ugomvi wa watoto, mfungulie kila mmoja akaunti yake yenye neno la siri. Kama ni ugomvi wa filamu, wekeni kanuni ya nyumba. Mama yule alicheka, akasema kanuni anayo tayari, anayekosa ni msimamizi.

Jambo la tatu ni Linux. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba hazikubaliwi na Windows 11 kwa sababu hazina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 au kichakataji chake ni cha zamani. Vijana wengi sasa wanataka kujaribu Linux Mint kando ya Windows. Ni vizuri. Hapo ndipo sehemu ya tatu ina sababu. Wenyewe wanadai gigabaiti 20 kwa uchache na wanashauri 100; kwa kujifunza, 50 zitawafikisha mbali. D ibaki NTFS, maana Linux inaisoma na kuiandika NTFS, lakini Windows yenyewe haisomi sehemu ya Linux. Msiifanye D kuwa FAT32, kwa kuwa haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Na zimeni ile njia ya Windows ya kuwaka haraka, la sivyo Windows inazimika nusu, na Linux ikija inaikuta NTFS imefungwa, isomeke tu bila kuandikwa.

Kuhusu kazi yenyewe. Kama mashine inapigwa Windows upya kwa vyovyote, gaweni siku hiyo hiyo. Ndiyo nafasi rahisi kuliko zote. Kama tayari inatumika, Disk Management inaweza kuipunguza C, lakini mara nyingine inakataa kuvuka mahali fulani kwa sababu kuna mafaili ya mfumo yasiyosogezeka katikati. Ikikataa, msilazimishe kwa programu msizozijua. Mkiona sehemu ndogo ndogo zisizo na herufi, moja ya megabaiti 100 na nyingine za namna hiyo, msizifute mkidhani mnapata nafasi. Mojawapo ndiyo inayoiwasha kompyuta. Na msianze wakati umeme unachezacheza. Betri iwe imejaa na waya umechomekwa, maana umeme ukikatika wakati mipaka inasogezwa, mnaweza kupoteza pande zote mbili.

Mkimaliza, kuunda D peke yake hakutoshi. Windows itaendelea kuweka nyaraka zako C mpaka uiambie. Bonyeza folda ya nyaraka kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, nenda kwenye mahali ilipo, uihamishie D. Fanya hivyo pia kwa folda ya picha na kwa ile ya vitu vya kwenye kioo. Hii ya mwisho ndiyo ingeniokoa mimi.

Halafu ipeni D jina. Fundi anapopiga Windows, kile kioo cha kuchagua pa kuiweka hakimwonyeshi herufi za C na D, kinamwonyesha namba za sehemu, ukubwa, na jina kama lipo. Fundi mwenye haraka hufuta zote aanze upya. Sisi tumeandika NYARAKA USIFUTE, na ukubwa wake tumeuandika kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya laptopu. Kaeni naye pale pale mpaka avuke kioo hicho.

Mzee mmoja ameniuliza hapo nje, kama vitu viko D, bado kuna haja ya flashi? Ipo, mzee wangu. C na D zinakaa katika chuma kimoja. Diski ikifa, au laptopu ikiibiwa, au paa likivuja juu yake, zinakwenda pamoja. D inakulinda na siku ya kupiga Windows, basi. Nakala ya pili iwe kwenye flashi, na flashi isikae katika mfuko mmoja na laptopu. Ikae nyumba nyingine, kwa mtu mnayemwamini, kwa sababu ndani yake mna mambo ya kesi zenu na majina ya watoto wenu.

Jumamosi ijayo, kuanzia saa tatu asubuhi, tutakuwa hapa ukumbini na vijana watatu wanaojua kazi hii. Njoni na laptopu, chaja yake, na flashi yenye nafasi. Asiye na flashi asianze kugawa. Aje tumpigie nakala kwenye diski ya ukumbi kwanza, tutamwandikia jina lake kwenye daftari, na akinunua flashi tutamhamishia na kuifuta nakala ya kwetu mbele yake. Mwenye karatasi ambazo hazijawahi kupigwa picha, aje nazo katika mfuko wa plastiki, skana itakuwa inafanya kazi mpaka saa sita.