Maji Yanayopotea Usiku: Kutafuta Uvujaji Katika Nyumba za Zamani

Maelezo kwa wakazi wa Kata ya Rau



Ichukuliwe nyumba moja ya vyumba sita vya kupangisha, yenye mita moja ya maji karibu na geti na ankara moja inayogawanywa kwa vichwa. Kwa muda mrefu matumizi yake hayakuzidi uniti 18 kwa mwezi. Mwezi mmoja ankara inakuja na uniti 31. Mwenye nyumba anamtazama mpangaji wa chumba cha nne, mama mwenye mtoto mchanga na kamba isiyokosa nguo. Wapangaji nao wananong'onezana kwamba mwenye nyumba humwagilia migomba yake watu wakiisha kulala. Kabla ya yeyote kuinama kutazama ardhi, mama wa chumba cha nne ameshaambiwa atafute pengine pa kukaa.

Hesabu ingeweza kumwokoa. Uniti moja ni lita 1,000. Uniti 13 za ziada ndani ya siku 30 ni wastani wa lita 18 kila saa, yaani karibu ndoo moja kubwa kila saa, mchana na usiku. Mtu hafui nepi saa nane ya usiku, kila usiku, mwezi mzima. Bomba lililotoboka ndilo hufanya kazi bila kulala.

Watu wa pwani wanaosafiri kwa mashua za mbao wanaijua kazi hii ya kutafuta tundu. Katika mashua iliyozeeka maji hukusanyika ngamani, sehemu ya chini kabisa, nako ndiko huchotwa na kumwagwa. Lakini ngama si mahali yanapoingilia. Yameingia penginepo, kwenye ungio la mbao ambalo pamba yake ya kalafati imeoza, yakateremka kwa kufuata ubao hadi chini. Nahodha anayeziba mahali anapoona maji huziba bure. Ndivyo ilivyo ukutani: doa la unyevu karibu na sakafu ya sebule laweza kuwa limetoka kwenye kiungo cha bomba kilicho bafuni, upande wa pili wa nyumba. Wazee wa mlimani wenye mifongo hawakuhitaji mashua kulifahamu hilo. Maji yakipungua mashambani, hawakukaa mwishoni mwa mfongo na kulaumu. Walipanda wakiufuata kwa miguu, hatua kwa hatua, hadi mahali ukingo ulipobomoka.

Katika nyumba, kuufuata mfongo huanzia kwenye mita. Saa nne usiku watu wote wakubaliane kufunga koki zote. Maji ya kunywa na ya msalani yawekwe kwenye ndoo mapema, na mlango wa choo cha kuvuta ubandikwe karatasi, kwa kuwa mtoto mmoja akivuta choo usiku wa manane kipimo kizima kimeharibika. Kama kuna tanki lenye boya, koki inayoingiza maji tankini ifungwe pia. Tanki linalojijaza polepole limewahi kuwafanya watu wachimbe ua mzima pasipo sababu. Kisha tarakimu zote za mita ziandikwe, zile nyeusi za uniti na zile nyekundu za sehemu za uniti. Saa kumi na moja alfajiri zisomwe tena. Kwa nyumba ya mfano wetu, saa saba za uvujaji ni lita zipatazo 126, na tarakimu nyekundu haziwezi kuzificha. Mita nyingi zina pia kinyota au kipembetatu kidogo kinachozunguka hata kwa maji machache sana. Kikizunguka ilhali koki zote zimefungwa, kuna mahali maji yanatoka.

Jambo moja lisisahaulike: usiku, watumiaji wakiwa wachache, msukumo wa maji katika mabomba huongezeka. Tundu linalodondoka mchana laweza kurusha maji usiku. Ndiyo maana wengi huapa kwamba nyumbani kwao hapavuji, nao wanasema kweli kwa saa walizotazama.

Ikithibitika kwamba maji yanapotea, njia igawanywe vipande. Ifungwe koki kuu iliyo mahali bomba linapoingia nyumbani, na mita itazamwe. Ikisimama, uvujaji umo ndani ya nyumba. Ikiendelea, umo ardhini kati ya mita na nyumba. Nyumba nyingi za zamani hazina koki hiyo, na gharama ya kuifunga ni ndogo kuliko ya kuchimba mtaro kwa kubahatisha.

Ndani ya nyumba, mshukiwa wa kwanza ni choo cha kuvuta, kwa kuwa maji yake hupotea kimya na hayalowanishi kitu. Kikombe cha kahawa nyeusi kimiminwe katika tanki la choo, kisha choo kiachwe nusu saa bila kuvutwa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa kuziba umechakaa. (Kahawa ya kwetu inatosha, si lazima iwe ya daraja la kwanza.) Koki inayodondoka ipimwe badala ya kudharauliwa. Ikiwa inajaza robo lita kwa dakika kumi, hiyo ni lita moja na nusu kwa saa, lita 36 kwa siku, na zaidi ya uniti moja kwa mwezi. Mpira wa ndani ya koki hauna bei ya kutisha. Tanki la maji nalo lichorwe alama ya chaki kwa nje, usawa wa maji, kisha njia za kuingiza na kutoa zifungwe hadi asubuhi.

Ardhini ndipo penye ugumu. Udongo wetu wa volkano hunywa maji upesi, hivyo uvujaji waweza kudumu miezi mingi bila hata dimbwi moja. Macho yatafute kingine: ukanda wa majani mabichi mwezi wa Januari wakati ua wote umekauka, mgomba mmoja uliowapita wenzake, sehemu ya njia inayotitia chini ya mguu. Kwa bomba la chuma, fundi huweka ncha ya nondo juu ya koki au bomba na sikio kwenye ncha ya pili, usiku, na kusikiliza mlio wa maji yanayofoka. Bomba la plastiki halipitishi sauti vizuri, kwa hiyo hapo itategemewa zaidi mita na macho.

Hasara haiishii kwenye ankara. Katika mashua tundu huingiza maji. Katika bomba huyatoa, lakini maji yanapokatika na msukumo kushuka, tundu lilelile laweza kufyonza maji machafu ya ardhini. Pale bomba linapopita jirani na shimo la choo, huo ni mlango wa homa ya matumbo na kipindupindu kuingia katika glasi ya mtoto.

Kuhusu ukarabati, kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwa waya ni dawa ya usiku mmoja, ingawa vipo vilivyosherehekea mwaka wa tatu. Bomba la chuma lililotobolewa na kutu mahali pamoja huwa limekwisha kuliwa na pengine pia. Afadhali kipande kizima kibadilishwe. Uvujaji ulio kabla ya mita, au barabarani, usiguswe na fundi wa mtaani: utolewe taarifa kwa Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi, MUWSA, ukielezwa mtaa na alama iliyo karibu. Ulio baada ya mita ni wa mwenye nyumba, naye asiugawe kwa vichwa vya wapangaji kana kwamba waliyanywa maji hayo.

Fundi akimaliza, mtaro usifukiwe siku hiyo. Koki zifungwe tena saa nne usiku, tarakimu ziandikwe mbele ya wapangaji, na udongo urudishwe asubuhi, mita ikiwa imekutwa pale pale ilipoachwa.