Mipangilio ya Gari Jipya la Spoti: Ulizeni Kabla ya Kutia Saini


Gari jipya la spoti mara nyingi humruhusu dereva kubadili uzito wa usukani, ugumu wa shokapu na wepesi wa injini kuitikia pedali ya mafuta. Hayo chagueni mpendavyo.

Mfumo wa kuzuia gari kuteleza ni jambo jingine. Huo hukamata breki ya gurudumu moja moja ili gari lisiache njia kwenye kona. Swichi ya kuuzima hufaa gari linaponasa matopeni au likiwa kwenye uwanja wa mashindano. Barabarani, uacheni ukiwa umewashwa.

Kabla ya kutia saini hati ya makabidhiano, tunawashauri mmtake muuzaji awaonyeshe kila mpangilio, na upi hubaki kama ulivyouacha gari likizimwa. Kuuliza si ujinga.