Kilwa Kisiwani Ndani ya Miwani

(Maelezo yaliyotolewa kwa kamati za sharika na wafadhili, Kilwa Masoko)



Katika kikao kilichopita tuliulizwa kwa nini bajeti ya vijana ina kompyuta na miwani ya kutazamia mandhari, wakati visima bado vinasubiri. Swali ni la haki.

Ukivaa miwani hiyo unaona mahali fulani pande zote. Ukigeuza kichwa, mandhari nayo hugeuka, kana kwamba umesimama pale. Kazi kubwa ni kuyatengeneza mandhari, na kwa Kilwa ilikwisha kuanzwa na wengine. Wapimaji wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu ya Kisiwani na Songo Mnara. Januari 2020 shirika la CyArk la Marekani, pamoja na Google na ICOMOS, walitoa kazi yao ya Kisiwani kwenye intaneti. Chombo cha leza hurusha mwanga ukutani na kupima umbali, mara mamilioni, mpaka jengo zima linakuwa vidoti. Hakioni nyuma ya nguzo, kwa hiyo huhamishwa tena na tena. Juu hupigwa picha kwa ndege ndogo isiyo na rubani. Kisha kompyuta huviunganisha vidoti na kuvivika picha. Ndiyo maana Msikiti Mkuu unauona pamoja na nyufa zake.

Faida ya kwanza kwetu ni kipimo. Gereza limesimama ufukweni, na mawimbi yanakula ardhi. Ukipima leo na ukapima tena baadaye, unajua bahari imechukua kiasi gani. Lakini picha haizuii wimbi. UNESCO iliiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuiondoa 2014, baada ya kuta kukarabatiwa kwa mawe na chokaa. Wanakijiji pia wamepanda mikoko. Asije mtu akatuambia kompyuta inatosha.

Faida ya pili ni kwa asiyeweza kupanda na kushuka chomboni: mzee, mlemavu, mwanafunzi wa mbali asiye na nauli.

Tuna hofu moja. Bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, ni gofu. Fundi wa kompyuta anaweza kulijaza maji, na mtoto akaamini ndivyo lilivyo. Tunataka kila kilichobuniwa kiwe na rangi yake.

Tunaomba kompyuta moja na miwani jozi mbili. Onyesho la kwanza lifanyike Kisiwani kwenyewe, wazee wakiwepo, maana vidoti havijui majina ya mahali. Wakisema hapa pamekosewa, tutaandika.

Fedha za visima zina fungu lake na hazitaguswa.